Kamera Inayoona Pana

Malindi,
4 Oktoba 1987

Dada Mueni,

Nanunua kamera! Nimeamua, na Phineas amekubali, na hata asingekubali ningeinunua. Sasa ndiyo nakusalimu: hujambo? Mtwapa wazima? Sisi huku hatujambo, ila mvua za vuli zimeanza na watoto wangu wamefungiwa ndani, nyumba nzima inatikisika.

Sikiliza kilichonifikisha hapa. Yule Katana mwenye studio karibu na msikiti, nilimpelekea Idah na Kioko awapige picha ya kumtumia mama mkwe kule Machakos. Niliwavalisha, nikawapaka mafuta mpaka wakang'aa. Katana akawakalisha mbele ya pazia lake la maua. "Tulieni, tulieni." Dada, watoto wangu watulie? Watoto wenye afya kama wale? Picha ilipotoka Kioko ana vichwa viwili, na Idah hana uso kabisa, ni ukungu uliovaa gauni. Niliituma hivyo hivyo kwa kuwa bibi yao aliingoja sana. Unajua alinijibu nini? Aliuliza hao watoto wanatetemeshwa na ugonjwa gani, na kama nimewapeleka hospitali.

Mimi! Watoto ambao soko zima la Malindi halina mfano wao! Kioko ana miaka mitatu na anaruka kutoka juu ya sanduku mpaka kitandani bila kugusa chini. Idah ana mitano, anaandika jina lake na la baba yake, na mbio zake hazishikwi na mvulana yeyote wa mtaa huu. Mwenye nyumba wetu, Bi Sheikha, husema hajawahi kulea watoto wachangamfu namna hii, na yeye amelea wengi. Wanamwita Bibi. Mimi nikiwa sokoni na nyanya ambazo Phineas ananiletea kutoka shambani Sabaki, wao wako kwake, wanaingia vyumba vyote.

Basi wewe unauza filamu na betri kwenye duka la hizo nyumba za watalii, kamera unaziona kila siku shingoni mwa watu. Niambie nichukue ipi. Iwe ndogo, iingie mfuko wa aproni. Iwe ya kupigia ndani, maana unazijua nyumba hizi za kuta nene na vidirisha, saa sita mchana unatafuta kijiko kwa kupapasa. Iwe ya watoto wasiotulia. Na iwe ya kupendeza, kwa sababu watu wataiona.

Mdogo wako anayekupenda,
Nduku (mama wa watoto wasioshikika)


Mtwapa,
9 Oktoba 1987

Nduku,

Umejisifu kwanza ukasalimu baadaye, kwa hiyo najua u mzima.

Kwa kamera ndogo, hapa kuna tatu za kufikiria. Ya kwanza ndiyo utakayoipenda: inang'aa, ina mkanda wa ngozi. Lakini unaizungusha mwenyewe. Imechorwa kichwa kimoja, watu watatu, na mlima, nawe unachagua kama mtu yuko karibu, kati au mbali. Ukimaliza kuchagua kichwa, Kioko amekwisha fika mlimani.

Ya pili inajipimia umbali yenyewe, wageni wanaisifu. Ila inafikiri. Unabonyeza, yenyewe inatafakari, halafu ndiyo inapiga. Utapata picha nyingi za kitanda ambacho Kioko ametoka. Tena inapima kilicho katikati tu, na watoto wako lini walikaa katikati? Itakupigia ukuta ukatoka safi na mtoto akawa ukungu kama ule wa Katana.

Ya tatu ni nyeusi, ya plastiki, ina sura ya kisanduku cha sabuni. Haizungushwi, haifikirii. Ukibonyeza imepiga papo hapo. Jicho lake linaona pana, kuanzia hatua mbili mbele yako hadi ukuta wa nyuma kila kitu kinatoka wazi, kwa hiyo huhitaji kumfukuza mtoto na kamera; akiwa pembeni naye ameingia. Taa yake iko ndani. Inamulika kwa kupepesa jicho, ndiyo maana anayeruka anabaki hewani. Mabaya yake ni mawili. Baada ya kila picha taa inajaa upya, utaisikia ikilia kama mbu, na ukibonyeza kabla haijajaa utapata giza. Na kwa kuwa inaona pana haichagui. Itakuletea na sufuria chafu na nguo za ndani zilizoanikwa.

Mimi ningechukua ya tatu, na filamu ya namba mia nne, si ya mia moja, maana nyumba yenu ni pango.

Wabusu wasioshikika.
Mueni


Malindi,
14 Oktoba 1987

Dada Mueni,

Kisanduku cha sabuni! Nami nimekwisha waambia wanawake wote sokoni kwamba nanunua ile inayojipimia. Mama Easter wa vitunguu ameniuliza kama inajipigia pia, nikamwambia karibu hivyo.

Lakini sikukupuuza. Nilichukua kisanduku cha sabuni hasa, nikakiweka jichoni, nikawafuata watoto nyumba nzima. Kila Kioko aliporuka nilisema "sasa!" na kila nikisema "sasa" yeye yuko chini ya meza anacheka. Bi Sheikha alidhani nimechanganyikiwa. "Nduku mwanangu, sabuni inaogeshewa mtoto, haitazamiwi mtoto." Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika mbavu. Basi, nimekubali. Nitumie kisanduku chako. Nitakishonea kifuko cha kitenge kizuri na hakuna atakayejua ni plastiki.

Chumba cha kupigia nimekwisha kipata. Unajua binti yake Bi Sheikha, Zeina, anaolewa Desemba na mwana wa Bwana Farjallah. Sasa ni mwali, amewekwa ndani, haendi hata uani jua likiwa kali, anapakwa liwa na mafuta, mtoto wa watu amechoka kutazama dari. Chumbani mwake kuna magodoro mapya ya harusi yamepangwa moja juu ya jingine. Wangu wanaingia humo kuruka, naye anawashangilia. Ndiyo furaha yake pekee siku hizi. Dada, huko ndiko nitakapowakamata.

Nduku


Mtwapa,
18 Oktoba 1987

Nduku,

Musyoka wa gari la mikate anakuletea kifurushi. Kamera imo, betri zimo, filamu ya mia nne imo. Kamba yake ivae mkononi. Simama mbali nao kama hatua tatu. Usielekee kioo, taa itarudi ikupofushe. Ngoja mbu anyamaze. Na kabla hujabonyeza tazama pembeni na nyuma, nakujua wewe macho yako yanaona wanao tu.

Mueni


Malindi,
11 Novemba 1987

IMEWAKAMATA, DADA! Imewakamata hewani!

Sijui nianzie wapi. Filamu ilikwenda Mombasa kusafishwa kupitia kwa Katana. Nyingi zimetoka hovyo, moja ni kidole changu, nyingine giza kwa sababu mbu hakuwa amenyamaza. Lakini moja! Idah yuko juu kabisa, miguu ameikunja, mikia ya nywele imesimama. Kioko yuko chini yake, mdomo wazi, unaweza kuhesabu meno. Na ule mto wa sufi waliokuwa wakiupigania ulipasuka wakati huo huo, sufi imejaa hewani, kila unyuzinyuzi unaonekana. Hakuna ukungu. Hakuna vichwa viwili. Nyuma yao Zeina amekaa juu ya godoro, kichwa wazi, liwa usoni, anacheka mpaka magego yanaonekana, naye ametoka wazi vile vile kama ulivyosema, lakini nani atamtazama Zeina na mtoto wangu yuko hewani?

Katana alipoifungua bahasha akamwita mkewe. "Njoo uone! Mama Idah amenishinda kazi." Mimi nikamwambia, "Si mimi, ni watoto. Wewe uliwaambia watulie." Akacheka. Halafu akaniuliza, "Mama, nikiikuza nikaiweka dirishani utakataa?" Nikamwambia, "Weka! Tena weka katikati, mtoe huyo bwana harusi mwenye tai, amekaa hapo tangu mwaka juzi." Akaitoa ya tai, akaiweka yangu. Idah alikuwa nami, alipiga makofi.

Tangu Jumatatu iko pale, kubwa kama sinia. Nikitoka sokoni napita polepole. Jana watu walikuwa wamesimama wanaitazama, mmoja akasema, "Watoto wa nani hawa?" Nikasimama hapo hapo mpaka aliponitazama.

Nakala nimemtumia mama mkwe, aseme tena kuhusu kutetemeka. Nyingine nimempa mke wa mchungaji, nyingine Mama Easter. Hii ni yako. Ibandike dukani, Wazungu waone kamera yao inavyotumiwa na mtu anayejua.

Nduku, mpiga picha


Mtwapa,
14 Novemba 1987

Nduku,

Barua na picha nimevipata leo asubuhi. Acha nyanya zako, nenda kwa Katana sasa hivi uitoe. Hata usimalize kusoma.

Nduku, huyo ni mwali. Miezi yote hii wanamficha hata shangazi wa mume asimwone, na wewe umemweka kwenye dirisha la barabarani, kichwa wazi, liwa usoni, karibu na msikiti. Mume mwenyewe hajamwona hivyo. Mimi nimefanya kazi na wanawake wa Kiswahili miaka yote hii. Picha zao za ndani wanampelekea mwanamke azisafishe, na wakimkosa hawapigi. Hukujua? Unaishi uani kwao, hukuuliza?

Yangu sijaibandika. Nimeigeuza uso chini kwenye droo.

Niandikie kwamba umeitoa.
Mueni


Sabaki,
15 Novemba 1987

Dada Mueni,

Hujambo? Sisi tumekuja huku shambani kwa Phineas kupumzika kidogo. Watoto walihitaji hewa. Malindi kuna joto na matope. Huku nyanya zimezaa vizuri sana, huwezi kuona mistari iliyonyooka kama ya Phineas, bwana shamba alikuja akashangaa.

Sokoni nimemwachia Mama Easter meza. Usiandike Malindi kwa sasa, andika huku, Kitsao mwenye baiskeli anatuletea barua anaporudi kutoka mjini.

Kamera ipo. Betri zimekwisha.

Kama kuna mtu wa Malindi atakuandikia jambo lolote, usilitilie maanani sana. Watu husema.

Mdogo wako,
Nduku


Malindi,
17 Novemba 1987

Kwa mwanangu Mueni,

Baada ya salamu, kwanza pole sana kwa maradhi. Nduku aliniambia umeshikwa ghafla na kwamba anakuja Mtwapa kukuuguza, akaondoka na watoto hata chai hawakunywa. Namuomba Mungu akuinue. Ukipata nguvu nisomee nduguyo maneno haya, maana naona aliondoka na moyo mzito nami sikupata nafasi ya kumtuliza.

Mwambie sina neno naye. Siku ya Ijumaa wanaume wametoka msikitini, wakasimama mbele ya duka la Katana. Bwana Farjallah, baba yake mume, akaingia, akalivua koti lake, akaifunika ile picha, akaibeba mikononi mchana kweupe mpaka kwangu. Aliiweka mkekani akaenda zake. Mueni mwanangu, nimezaa, nimezika, lakini siku ile sikujua niuweke wapi uso wangu.

Nduku aliporudi kutoka sokoni nilimuuliza ni nani aliyempa yule mtu ruhusa. Akaniambia hajui. Nami nilijua hajui, mimi humuacha na funguo za nyumba yangu. Kaka yangu Nasor akaenda kwa Katana na watu wawili. Katana hakuona haya, aliapa mbele yao kwamba mama wa watoto mwenyewe ndiye aliyesema iwekwe, tena katikati. Hapo ndipo Nasor alipokasirika hasa. Kuiweka ni kosa, lakini kumsingizia mwanamke asiyekuwepo ni uovu. Nyumba ile ya duka ni ya Nasor. Amemwambia ahame mwezi ukiisha. Nami nimemlaani, nimetoka tu kuswali nikamlaani yeye na kazi yake, na jirani zangu wakaitikia.

Bwana Farjallah ameleta neno: harusi ipo, mwenye makosa ameshajulikana.

Basi arudi. Nyumba imekuwa kimya hata mimi naogopa. Kiatu kimoja cha Kioko kiko hapa.

Mimi mamako,
Sheikha

Da Mueni, mimi Zeina ndiye niliyeandika, maneno ni ya mama. Nimeiona picha kabla hawajaichoma. Nilitamani kulia na kucheka. Mwambie Idah magodoro yapo.


Mtwapa,
19 Novemba 1987

Nduku,

Nimepata nafuu, asante. Naambiwa nilikuwa mgonjwa sana na wewe ukaniuguza vizuri.

Nakutumia barua ya Bi Sheikha uisome mwenyewe. Isome mpaka mwisho, halafu keti chini.

Kuhusu picha, ulikosea kwa kutojua, na mimi nina sehemu yangu. Nilikwambia uchukue inayoona pana. Ungechukua ile inayojipimia, Zeina angekuwa kivuli na leo tungekuwa tunacheka. Kwa hilo ningekuja nipige magoti pamoja nawe.

Lakini "sijui" sikukufundisha mimi. Katana alisema kweli, akaitwa mwongo kwa sababu wewe unaaminiwa. Ana mke, ana lile pazia lake la maua, hana kitu kingine. Na Bi Sheikha wako, mtu wa sala, umemtia kinywani laana ya mtu asiye na hatia.

Sitamjibu. Nikimjibu nitamwambia kweli, na kweli hiyo si yangu kuisema. Lakini sitajifanya mgonjwa pia. Mwezi unaisha, Nduku.

Mueni


Sabaki,
21 Novemba 1987

Dada,

Nimeisoma. Phineas aliniuliza kwa nini nimeketi kwenye mtaro wa maji, nikamwambia napumzika. Halafu nikamwambia yote. Alikwenda kumwagilia, na ilikuwa inanyesha.

Nikueleze ilivyokuwa. Niliingia ndani nikiimba. Nilikuwa nimepita dukani nikaona dirisha tupu, nikajua Katana ameiuza, tena nikafikiri ni Mzungu aliyeinunua, nikawa natembea nawaza picha ya wanangu iko ukutani Ulaya. Kumbe. Bi Sheikha ameketi mkekani anachagua mchele, picha iko mbele yake uso chini, koti la mtu juu yake. Hakuinua sauti. Kama angepiga kelele, dada, kama angenizaba kofi, ningesema. Ningesema ni mimi, ningelia, yangekwisha. Lakini aliniuliza polepole, kama mtu anayeuliza tu ili aseme ameuliza. "Nduku, unamjua aliyempa ruhusa?" Aliniuliza huku amekwisha niamini. Na mimi, niliyesimama mbele ya dirisha lile siku nzima ili watu wajue ni watoto wangu, nikasema sijui.

Neno dogo vile. Nilifikiri litaishia mkekani.

Idah alikuwa nyuma yangu. Alinivuta kanga. Tulipofika chumbani akasema, "Mama, si ulimwambia weka katikati?" Nikamwambia anyamaze, asiseme hivyo tena kwa mtu yeyote. Dada, amenyamaza. Tangu hiyo siku hakimbii. Anakaa mlangoni hapa, mikono magotini. Sasa ndiyo anatulia. Ningempeleka kwa Katana leo angetoka vizuri.

Nimewafundisha watoto wangu kila kitu, nikamfundisha na hili.

Nakala nimeanza kuzirudisha. Mke wa mchungaji alinipa yake bila swali, hilo lilikuwa gumu kuliko maswali. Mama Easter alisema, "Ulinipa ukiwa umejaa kifua, mbona unaichukua umejikunja?" Nikamwambia nitamweleza. Akasema, "Hapana, nieleze sasa, nimeuza nyanya zako juma zima." Nikamweleza. Yeye ndiye wa kwanza baada ya Phineas. Hakucheka, na unamjua anavyopenda kucheka. Kwa mama mkwe nimeandika anirudishie. Atajua kuna jambo, na atauliza, nami nitamwambia.

Yako ichome.

Najua la kufanya. Naogopa tu. Naomba usinichukie.
Nduku


Sabaki,
22 Novemba 1987

Bi Sheikha,

Shikamoo.

Ni mimi. Katana aliniuliza kama ataiweka picha dirishani, nikamwambia aiweke, na iwe katikati. Alichowaambia Bwana Nasor na wenzake ni kweli yote.

Sikumtazama Zeina kwenye picha ile. Niliwatazama wangu. Sikukusudia kumvunjia heshima, lakini nimemvunjia. Na uliponiuliza nilijua, nikasema sijui.

Dada yangu hakuwa mgonjwa. Niko Sabaki.

Nakala ninazo mbili mkononi, na ya mama mkwe nimeiagiza. Ile filamu yenyewe iko na mimi pia, nitakuletea.

Sijui niombe msamaha kwa maneno gani kwako ambaye umenilelea watoto.

Nduku


Malindi,
23 Novemba 1987

Nduku,

Marahaba.

Barua yako nimeisoma kwa macho yangu haya haya mabovu, sikumpa Zeina. Nimeisoma mara nyingine nikidhani nimekosea herufi.

Ya picha ni kutojua, na ujinga wa mtu aliyelala uani kwangu ni ujinga wangu nami, sikukufunza. Hayo ningeyameza. Lakini umenifanya nimlaani mtu aliyesema kweli. Nimemkuta mkewe kisimani nikampa mgongo. Nimefanya hivyo nikiona nakutetea wewe.

Mimi sisamehi kwa karatasi, wala sikatalii mtu kwa karatasi. Nilimlaani mbele ya watu, na wewe utasema mbele ya watu hao hao, barazani kwangu, Jumamosi baada ya alasiri, kwa mdomo wako. Nasor nitamwita mimi. Bwana Farjallah atakuja, nimemtumia ujumbe, naye ana haki ya kusikia. Zeina atasikia akiwa nyuma ya mlango. Katana mwite wewe. Usimtume mtu. Nenda kwa miguu yako.

Watoto walete mapema, uwapitishie mlango wa uani. Wao hawana kesi.

Sheikha


Sabaki,
25 Novemba 1987

Dada Mueni,

Nimetoka kwa Katana. Nilikwenda na kikapu cha nyanya nzuri, za kuchagua. Mkewe alikitazama akasema, "Hizo peleka sokoni, mama." Katana alikuwa juu ya ngazi anashusha pazia la maua. Dirisha lilikuwa tupu, limeoshwa.

Nikamwambia nilichokuja kusema. Alishuka, akakunja pazia mpaka likawa dogo, hanitazami. Mwisho akasema, "Mama Idah, mimi najua nilichosema na wewe unajua ulichosema. Unanieleza mimi ya nini? Yapeleke kulikosikika yale ya kwanza." Nikamwambia ndiko ninakoyapeleka, na nimekuja kumwita awepo. Akauliza, "Na Bwana Nasor atakuwepo?" Nikasema atakuwepo. "Na wale wawili aliokuja nao?" Nikasema nao nitawaomba. Mkewe akadakia, "Na mimi. Kisimani niligeuziwa mgongo mimi." Nikasema naye. Nikaondoka na kikapu changu, na Mama Easter aliponiona nacho hakuuliza.

Nimefanya mazoezi ya kusema. Nasema usiku nikiwa nimelala kando ya Phineas, "Ni mimi niliyesema iwekwe," na kila nikifika hapo sauti inapotea. Mimi, Nduku, sauti ipotee! Jana Idah alinisikia. Akasema, "Sema kwa nguvu, Mama, Bibi hasikii vizuri sikio la kushoto." Nikasema kwa nguvu. Akanisahihisha. "Sema na katikati." Nikasema na katikati. Halafu akatoka nje, nikasikia wanakimbizana na Kioko kwenye mistari ya nyanya ya baba yao, na Phineas anawafokea.

Sijui Bi Sheikha atanijibu nini nikimaliza. Pengine tutahama uani kwake, pengine harusi nitaisikia kwa mbali tu. Nimekwisha mwambia Phineas ajitayarishe kwa lolote. Sitajitetea kwa mvua wala kwa kamera, wala sitasema sikujua desturi. Nitasema nilichokifanya na nilichokisema, kisha nitakaa nilipowekwa.

Naomba uje, dada. Si kunisemea, ukae tu mahali nitakapokuona. Bi Sheikha, Bwana Nasor na wale wenzake wawili, Bwana Farjallah, Katana na mkewe, majirani walioitikia laana, Phineas na mimi: wote tunatarajiwa barazani Jumamosi hii, tarehe ishirini na nane, baada ya sala ya alasiri.

Nduku